Vidonge Vilitoka Wapi?

Ofisi ya Jarida
4 Machi

Kwa Mwandishi,

Mswada wako umerudi kutoka kwa wahakiki wawili. Nikukumbushe utaratibu wetu: wao hawajui wewe ni nani, wewe hutawajua wao, na hata mimi sikujui. Karani wetu hufuta jina lako na la hospitali yako kabla karatasi hazijafika mezani kwangu, na barua hii ataipeleka yeye. Sera hiyo niliiandika mwenyewe, baada ya kuchoka kuona wakubwa wakipitishwa kwa ukubwa wao.

Mhakiki wa kwanza ameridhika. Anasema kisa kimeelezwa vizuri: mwanamke mzee aliyeanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda, huku akimeza vidonge vya maumivu ya viungo vilivyouzwa kama mitishamba mitupu. Maabara ikakuta ndani ya mitishamba hiyo kumechanganywa dawa kali ya maumivu ambayo haikutajwa. Dawa hizo mbili zikakutana tumboni mwake, akatokwa na damu hadi akafariki. Lalamiko lake ni kwamba unalipenda mno neno "hata hivyo". Nimepitia, ana haki.

Mhakiki wa pili ana swali moja tu. Vidonge vilitoka wapi? Wewe umeandika "kutoka kwa jamaa". Jamaa si duka wala si kiwanda. Sera yetu inataka kila dawa itajwe kwa jina lake, mtengenezaji wake na mahali iliponunuliwa. Bila hayo tutakuwa tumewatisha wasomaji bila kuwaambia wakimbie nini.

Tafadhali jibu kabla ya mwezi kwisha.

Mhariri Mkuu


18 Machi

Mheshimiwa Mhariri Mkuu,

Nashukuru kwa barua. "Hata hivyo" zote nimezifyeka, isipokuwa moja ambayo nikiing'oa aya nzima inaanguka.

Swali la mhakiki wa pili siwezi kulijibu. Ridhaa ya kuandika kisa hiki nilipewa na binti wa marehemu, kwa sharti moja: nisiandike vidonge vilitoka kwa nani, wala nisimtafute aliyevitoa. Nilimkubalia siku alipokuja kuchukua vitu vya mama yake wodini. Boksi la vidonge halikupatikana; nilichopima ni vile vilivyobaki.

Nakuomba usiutupe mswada kwa ajili hiyo. Mwezi uliopita nilimpokea fundi wa magari anayetapika damu. Naye alikuwa anameza vidonge vya viungo, vya mitishamba, ndivyo alivyoambiwa. Huyo tumemwokoa kwa taabu. Vidonge alikuwa amevimaliza na boksi mkewe kalitupa, kwa hiyo sijui kama ni vilevile. Ninachojua ni kwamba wengine watakuja, na si wote watafika mapema.

Mwandishi


Ofisi ya Jarida
22 Machi

Kwa Mwandishi,

Nakupa pole kwa kazi ya wodini, niliifanya miaka mingi kabla sijahamia kwenye kalamu. Lakini unanipa sababu ya kukukatalia halafu unaniomba nikukubalie. Kama wengine watakuja, basi chanzo ndicho kitu pekee kitakachowasaidia. Huruma kwa jamaa mmoja haiwezi kupita usalama wa watu wasiojulikana.

Rudi kwa binti huyo umuulize tena. Watu hulegea muda ukipita. Ukimweleza vizuri, hatakataa.

Mhariri Mkuu


Hospitali, Wodi ya Wanawake
27 Machi

Mpendwa Dada,

Mimi ni daktari aliyemtibu mama yako mwaka jana. Natumaini saluni inaendelea vizuri na kwamba mikono ya wasichana wako imeacha kuchubuliwa na ile dawa ya nywele.

Ninavunja nusu ya ahadi yangu kwa kukuuliza. Ile taarifa niliyokuomba ridhaa yake nimeipeleka kwenye jarida, na mhariri wake amekaza kamba. Anataka kujua vidonge vilinunuliwa wapi. Si mtu mbaya, barua zake zinaonyesha anayejali, ila haambiliki. Nakuwekea nakala ya barua yake ya mwisho uone mwenyewe, jina lake na la jarida yapo juu.

Sitaki kumjua jamaa yenu. Nataka jina la duka tu. Ukikataa sitakuuliza tena.

Daktari


30 Machi

Daktari wangu,

Nimeisoma hiyo nakala nikiwa nimesimama, mteja kichwa kimejaa povu. Ikabidi msichana amalizie, mimi nikatoka nje kuvuta pumzi.

Jamaa unayetakiwa kumtaja ndiye huyo anayekuandikia barua.

Ni kaka yangu, tumbo moja. Mimi natumia jina la marehemu mume wangu, ndiyo maana hukulihusisha na lake. Vidonge alivituma yeye, kila baada ya miezi michache. Alivitia kwenye kopo tupu la plastiki na kuandika juu yake kwa mkono: moja asubuhi, moja jioni. Hakujua kama Mama alianzishiwa dawa ya damu kwa ajili ya ule mguu uliovimba. Mama alikataza asiambiwe, eti ataacha kazi aje kumpigia kelele za kidaktari. Hata kifo chenyewe tulimwambia moyo ulisimama. Alifika kuzika, akalala siku mbili, akaondoka.

Siku ile ulipouliza vidonge vimetoka wapi, Mama alikuwa bado na akili zake. Alinibana mkono. Ulipotoka akaniambia: "Usimwambie mwanangu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye maana. Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?

Duka silijui. Anayelijua ni yeye tu. Naomba uuondoe huo mswada kabla hajafika pabaya.

Mimi, binti wa mgonjwa wako


2 Aprili

Kaka,

Habari za huko? Naandika kwa sababu simu yako ina jibu moja tu, "nitakupigia", na kuku wangu wakisubiri hiyo simu wataota meno.

Huku tunaendelea. Chumba cha Mama bado sijakigusa. Kila Jumapili nasema leo, kisha nafungua mlango, nafuta vumbi dirishani, nafunga. Ungekuja tungefanya wote wawili. Najua, najua, toleo la mwezi ujao.

Hebu niambie kitu, wewe msomi. Saluni kuna mteja ameniuliza nikakosa la kumjibu. Ndugu yake alimpa mgonjwa wao kitu kwa upendo, kumbe kile kitu kikamdhuru mgonjwa. Ndugu hajui mpaka leo. Wao wamekubaliana asijue, kwa sababu ni mtu wa kujibebesha mambo, wanaogopa atavunjika. Je, wamefanya vibaya? Nijibu kama kaka, usinijibu kama ofisi.

Msalimie wifi na mama yake.

Kitinda wako


9 Aprili

Kitinda,

Umenichekesha na kuku wako. Simu nitapokea, naapa.

Mteja wako umpe jibu hili, na sidhani kama kaka na ofisi watatofautiana. Wamefanya vibaya. Nina kisa kama hicho mezani sasa hivi. Mwandishi mmoja anamficha mtu aliyetoa vidonge vilivyomuua mgonjwa. Nilipombana, kaandika juzi anauondoa mswada, bila sababu. Sera inaniruhusu kumwambia karani afungue jina lake niiandikie hospitali yake, na wiki ijayo nitafanya hivyo, maana nahisi kuna uchafu unafunikwa. Jaribu kufikiri: huyo jamaa anayefichwa, leo hii yuko wapi? Pengine yuko dukani ananunua vingine. Wanaomhurumia wamemwacha peke yake na kile kitu mkononi. Mimi ningekuwa yeye, ningetaka kuambiwa saa ileile, kisha nilie hadi basi. Mtu mzima hafi kwa kuambiwa ukweli.

Tuyaache hayo. Magoti yako vipi? Uliniambia kwenye mazishi kwamba yanakuuma kwa kusimama saluni kutwa. Nakuandalia kifurushi cha vile vidonge vya Mama, duka la hapa chini ya ofisi bado linavyo. Usiogope, si takataka kama vya kwenye huo mswada. Hivi mimi mwenyewe nilisoma boksi neno kwa neno, ni mitishamba mitupu, na unajua mimi nikisoma nasoma. Mama mkwe anavitumia tangu mwaka mpya, sasa anapanda ngazi bila kushika ukuta.

Ijumaa naposti.

Kaka yako


10 Aprili

Kaka,

Usiposti. Nimekupigia mara nyingi hupokei, kwa hiyo nimempigia wifi. Nimemwambia amwondolee mama yake vile vidonge, asivitupe, aviweke mahali, na kesho ampeleke apimwe damu. Sijamwambia kwa nini. Hilo ni lako.

Kaa chini.

Hakuna mteja. Mteja ni mimi. Mama hakufa kwa moyo. Alitokwa na damu tumboni, siku tatu, hospitali ya hapa, na mwandishi wako ndiye daktari aliyehangaika naye. Mguu wake ulivimba, wakampa dawa ya kufanya damu isigande, akakataza usiambiwe. Na kwenye lile kopo lako lenye mwandiko wako ndimo mlimokuwa na ile dawa nyingine. Mwandishi hafuniki uchafu wowote. Aliahidi mbele yangu, na mimi niliahidi mbele ya Mama, basi. Ukimwandikia mkubwa wake utamharibia kazi mtu aliyemfumba Mama macho.

Nilitaka nikae na jambo hili mpaka kaburini. Mwaka mzima nimekaa nalo. Nimekutania kwenye barua habari za kuku huku nikijua. Na kuna siku, Kaka, nilikuwa nakuchukia, nakwambia ukweli, nikikumbuka ulivyofika kuzika na suti yako ukaangalia saa. Kisha nakumbuka ulikuwa hujui, najilaumu mimi.

Lakini ulipoandika Ijumaa naposti, niliona nikinyamaza tena nitakuwa nimeua mtu.

Umesema mtu mzima hafi. Nakusubiri nione.

Kitinda


Ofisi ya Jarida
15 Aprili

Kwa Mhariri Msaidizi,

Kuanzia leo ninajiondoa kwenye mswada wa vidonge vya viungo. Naomba uuchukue wewe, mwandishi akikubali kuurudisha. Sera inataka nieleze mgongano wa maslahi, naueleza: mimi ni mtoto wa mgonjwa aliyetajwa, na mimi ndiye niliyempa vidonge. Barua zangu zote kwa mwandishi zibaki kwenye faili kama zilivyo, zisifutwe.

Nitakuwa nyumbani wiki hii. Tafadhali mtu yeyote asije.

Mhariri Mkuu


15 Aprili

Kwa Daktari,

Nakuandikia bila kupitia kwa karani, na si kama mhariri. Nilikuwa nimeahidi kuiandikia hospitali yako kukuhusu. Sikuandika, na nakuomba radhi kwamba nilifikiria.

Mhakiki wa pili aliuliza vidonge vilitoka wapi. Nilivinunua kwenye duka la virutubisho lililo chini ya ofisi yetu, mlango wa pili baada ya wauza miwani. Boksi ni jeupe lenye mstari wa kijani, na upande mmoja kuna picha ya kijana anakimbia. Jina la kiwanda na namba ya toleo nimeviandika kwenye karatasi ya pili. Nimekutumia maboksi mawili yaliyofungwa, na vile vilivyobaki kwa mama mkwe wangu, uvipime. Yeye hatumii dawa ya damu. Vipimo vyake vimerudi, ana damu pungufu kidogo, wanamwangalia.

Nilivihamishia kwenye kopo tupu kwa sababu Mama aliona ile picha akasema hawezi kumeza dawa ya wakimbiaji. Nikampelekea bila picha, na mwandiko wangu juu, akameza. Nilisoma yote yaliyoandikwa kwenye lile boksi. Kazi yangu ni kutoamini kilichoandikwa mpaka kithibitishwe, mswada ukinijia na boksi lile kama ushahidi ningeurudisha siku hiyohiyo. Lakini ilikuwa ni magoti ya mama yangu, na nilikuwa na haraka.

Tumia yote haya. Ridhaa yangu unayo. Nina swali moja, na unaweza kutolijibu: aliumia sana?

Mtoto wa mgonjwa wako


Hospitali, Wodi ya Wanawake
20 Mei

Ndugu yangu,

Siku ya kwanza aliumia. Baada ya hapo tulimpa dawa ya kutosha, akawa anasinzia na kuamka. Sikupunguzii wala sikuongezei.

Maabara imekuta dawa ileile ndani ya maboksi yote mawili. Mke wa fundi wa magari nilimwonyesha boksi, akalitambua kabla sijalitoa vizuri mfukoni. Wakaguzi wa dawa wamefunga lile duka la chini ya ofisi yenu na wanatafuta mengine. Mhariri Msaidizi ameupokea mswada upya. Naye ni mgumu kama wewe, amekuta "hata hivyo" nyingine.

Sijawahi kupata mhariri aliyejibu swali lake mwenyewe. Pole sana.

Daktari


3 Julai

Kitinda,

Taarifa imetoka leo, ukurasa wa arobaini na moja. Nakuwekea nakala.

Tulibishana na Mhariri Msaidizi juu ya neno moja. Yeye alitaka libaki "jamaa", kwa sababu sera inakataza kuandika chochote kinachoweza kumtambulisha mgonjwa, na sera ni yangu. Nikamwambia mtu pekee anayeweza kutambulishwa hapo ni mimi. Sasa inasomeka: "Vidonge alitumiwa na mwanawe, daktari, aliyeamini kilichoandikwa kwenye boksi." Nimeisoma mara nyingi. Ni sentensi nzuri, haina kosa, na kila nikiifikia nafunga ukurasa.

Naenda kazini, nakula, nalala. Nafanya yote anayofanya mtu mzima asiyekufa. Ulikuwa na haki ya kunichukia, na kama chuki hiyo bado unayo kidogo usiimalize haraka. Nakushukuru kwamba hukutimiza ahadi yako. Nina hasira nawe kwamba uliitimiza mwaka mzima. Yote mawili ni kweli, sijui nianze na lipi.

Nimejaribu kufikiri Mama angesema nini, nimeshindwa. Wewe ulikuwa naye, mimi nilikuwa namtumia vitu.

Kaka


8 Julai

Kaka,

Nimeisoma hiyo taarifa nzima, na maneno magumu nimemuuliza Daktari. Imeandikwa vizuri. Kuna kitu hakimo, na si kosa la mtu, maana aliyekiona ni mimi peke yangu.

Vile vidonge vilimsaidia. Ilikuwa ni hiyo dawa iliyofichwa, sasa najua, lakini yeye hakujua na magoti yake hayakujua. Miezi ile alikuwa anatoka mwenyewe mpaka kwa jirani. Alikuwa anachuchumaa kufua soksi zake, kazi aliyoiacha miaka. Akiulizwa, anasema mwanangu amenitibu. Aliwaambia watu wote wa mtaa huu, mpaka wakamchoka. Hakusema amenitumia dawa. Alisema amenitibu, kama vile ulikuwa unakuja kila asubuhi.

Ndiyo maana alinibana mkono, Kaka. Hakuogopa utavunjika. Hakutaka mtu amnyang'anye hilo.

Usinijibu kwa barua. Njoo.

Kitinda